Nyongeza Hii Imetoka kwa Nani?

Tarehe 1 Mei mwaka 2025 sikukuu ya wafanyakazi iliadhimishwa kitaifa mjini Singida, katika uwanja wa Bombadia. Hapo ndipo Rais Samia Suluhu Hassan alipotangaza kwamba kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kitapanda kutoka Sh. 370,000 hadi Sh. 500,000 kwa mwezi, kuanzia Julai ya mwaka huo. Ni ongezeko la asilimia 35.1. Neno lililoshangiliwa uwanjani siku ile ni nyongeza.

Neno lenyewe ni zuri. Hakuna mfanyakazi asiyelipenda wala mkulima asiyelitamani. Lakini neno likipendwa na watu wote, kila mtu hulitumia kwa kusudi lake. Mwenye duka huongeza bei, mnunuzi wa mazao huongeza gunia, mkopeshaji huongeza riba, mwajiri huongeza saa za kazi. Na wote hawa hutumia kitenzi kile kile kilichotumika mshahara ulipoongezwa. Mwananchi asiyeyapambanua mambo haya ataona maisha yake yamejaa nyongeza, na mfuko wake mtupu.

Kwa hiyo twaona yafaa leo tuyapange maneno yetu ya kuongeza moja moja, tuyatazame yanavyotumika katika Mkoa wa Singida na kwingineko nchini, na juu ya kila nyongeza tuulize swali moja tu: imetoka kwa nani, na imekwenda kwa nani?

MANENO NI MENGI

Mtoto wa shule ya msingi hufundishwa matendo manne ya hesabu: kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Tangu Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia masomo ya shule za msingi, mwaka 1967, mamilioni ya Watanzania wamejifunza hesabu kwa maneno haya. Ni hazina kubwa. Lakini tutokapo shuleni twayaacha maneno hayo katika daftari, na huko sokoni na kazini twasema ovyo.

Kujumlisha ni kukusanya hesabu mbili au zaidi ziwe moja. Limetokana na neno jumla, tulilolipata kwa Waarabu, nalo lina uaminifu ndani yake. Ukijumlisha tano na saba, kila mtu aweza kuziona zile tano na zile saba kabla hujaitaja kumi na mbili. Jumla ya haki haifichi sehemu zake. Ndiyo sababu mtunza hazina wa chama cha ushirika hutakiwa aiandike jumla chini ya ukurasa, na sehemu zake juu, ili mwanachama aweze kuzikagua mwenyewe. Na tusilichanganye neno hili na kujumuisha. Kujumlisha ni kazi ya hesabu. Kujumuisha ni kuwatia watu au mambo ndani ya kundi. Mtu aweza kujumlishwa katika idadi ya wanachama siku ya kutoza michango, na asijumuishwe siku ya kukata shauri.

Kuongeza ni kukifanya kitu kiwe kingi au kikubwa kuliko kilivyokuwa. Hili ni neno letu la Kibantu, na ndilo litumikalo zaidi, lakini halisemi kitu kilichoongezwa kimetoka wapi. Mama huongeza maji katika uji wageni wanapofika, na mchuuzi mlaghai huongeza maji katika maziwa ya kuuza. Kitenzi ni kile kile. Uji umewatosha watu wengi zaidi. Maziwa yamemdhulumu mnunuzi.

Kuzidisha lina maana mbili, na zote mbili hutumika kila siku. Darasani ni kuchukua hesabu mara kadhaa: tatu mara nne ni kumi na mbili. Nje ya darasa ni kupita kiasi, kama mpishi anapozidisha chumvi. Ndugu zake ni ziada na zaidi. Ziada ni kile kilichobaki juu ya mahitaji. Mkulima wa Iramba aliyevuna mtama wa kutosha nyumba yake mpaka mavuno mengine, na akabakiwa na magunia mawili, hayo mawili ndiyo ziada yake, naye aweza kuyauza pasipo hofu ya njaa. Akiuza kabla ya kujua kama anayo ziada, ameuza chakula cha watoto wake.

Neno dogo kuliko yote ni na. Mbili na tatu ni tano. Neno hili la herufi mbili hufanya kazi kubwa katika mapatano ya kila namna: bei na nauli, mshahara na posho, mkopo na riba. Mtu husikia sehemu ya kwanza kwa masikio yote mawili, na sehemu ya pili, ile iliyo nyuma ya na, huisikia kwa sikio moja. Siku hizi wengine maofisini hupenda kusema plus, neno ambalo Waingereza walilichukua katika Kilatini, na huko maana yake ni zaidi. Hatuoni haja ya kuliazima, maana halisemi lolote ambalo na halikulisema. Lakini ugeni wa neno ni jambo dogo. Lililo kubwa ni kwamba mtu anayesaini mapatano, ayaandike kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, asome mpaka mwisho kile kinachofuata baada ya neno hilo.

NYONGEZA YA SOKONI

Mama anayeuza nyanya akimaliza kupima sado ya mnunuzi wake huchukua nyanya mbili nyingine na kuzitia juu. Mnunuzi hushukuru, na kesho hurudi kwa muuzaji yule yule. Hii ndiyo nyongeza katika maana yake ya asili. Nyanya ni zake, mkono ni wake, na hiari ni yake. Hakuna aliyemlazimisha. Nyongeza ya namna hii hujenga udugu, nasi hatuna neno juu yake.

Sasa tuitazame nyongeza nyingine iliyozoeleka sana katika biashara ya mazao, ambayo wananchi wameipa jina lake: lumbesa. Gunia hujazwa mpaka mdomoni, kisha badala ya kushonwa kwa shazia huongezewa kichwa. Kamba hufumwa juu ya mdomo, mazao yakaendelea kujazwa, mpaka gunia linavimba na kuvikwa kilemba. Kisha huhesabiwa: gunia moja. Vitunguu na viazi ndivyo vinavyoteswa zaidi kwa njia hii, na Singida ni mkoa wa vitunguu. Hatusemi soko hili au lile, maana lumbesa imeonekana katika mikoa mingi, na viongozi wa Serikali wameipiga marufuku mara nyingi kwa miaka mingi.

Hesabu yake ni nyepesi, na twaomba kila mkulima aifanye. Tuseme gunia linaloitwa la kilo 100 limebeba kilo 120. Katika kila magunia matano mkulima ametoa kilo 100 zaidi, yaani gunia zima la sita, bila kulipwa hata senti. Aliyeleta sokoni magunia hamsini ya namna hiyo amemzawadia mnunuzi magunia kumi. Amelima, amepalilia, amemwagilia maji, amevuna na kukausha magunia kumi kwa ajili ya mtu asiyemjua. Ukimwuliza atasema, "Ndivyo soko lilivyo."

Wala si mkulima peke yake. Mchukuzi hulipwa kwa gunia. Gunia likiongezwa kilo 20, mgongo wake umeongezwa kilo 20, na ujira wake umebaki pale pale. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilitoa pendekezo kwamba pale ambapo mwanamume mtu mzima huruhusiwa kubeba zaidi ya kilo 55 kwa nguvu za mwili, hatua zichukuliwe upesi kuushusha uzito huo mpaka kilo 55. Gunia la halali la kilo 100 tayari linakaribia mara mbili ya kiasi hicho. Gunia la lumbesa ni zaidi ya mara mbili. Kijana anayelibeba leo kwa kujivunia nguvu zake atalilipia kesho kwa uti wa mgongo.

Halmashauri nayo hupunjwa. Pale ushuru unapotozwa kwa gunia, kilo za kilemba hupita kizuizi bila kutozwa kitu. Fedha hizo zingeweza kununua madawati na dawa. Kwa hiyo nyongeza moja imetoka kwa watu watatu: mkulima, mchukuzi na wananchi wote wa wilaya. Imekwenda kwa mtu mmoja. Na huyo mmoja akifika mjini halipimi tena kwa lumbesa. Huliuza kwa kilo, au kwa mafungu madogo madogo, na kila kitunguu kilichokuwa bure shambani kina bei yake.

Sheria ipo. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, inataka mazao yauzwe kwa vipimo vya halali, na gunia la mazao lisizidi kilo 100. Wakala wa Vipimo ndio uliopewa kazi ya kuisimamia. Lakini askari wa vipimo hawezi kusimama katika kila shamba usiku, gari linapopakiwa kwa mwanga wa taa. Kinachotakiwa ni mizani karibu na mkulima, na mkulima anayekataa kuuza mpaka mizani imesema. Peke yake hataweza, kwa kuwa mnunuzi atahamia kwa jirani. Wakikataa wakulima wote wa kijiji, mnunuzi hana pa kuhamia. Hapo ndipo umoja unapokuwa na faida ya kuhesabika kwa kilo.

Wazee wetu walipima kwa kibaba na pishi, na walijua kwamba vibaba vinne hufanya pishi moja. Walisema haba na haba hujaza kibaba. Methali hii twaikariri sana tunapohimizana kuweka akiba. Lakini huhitaji kitu kimoja ili iwe ya kweli, nacho ni kibaba chenyewe kiwe na ukubwa unaojulikana. Kibaba kikibadilika kila siku kwa matakwa ya mwenye fedha, haba na haba haitakijaza milele.

NYONGEZA YA MSHAHARA

Tuje kwa mfanyakazi. Katika mshahara maneno ya kuongeza ni mengi, na kila moja lina haki yake na mpaka wake.

Nyongeza ya mshahara ni ile inayoingia katika mshahara wenyewe na kubaki humo mwezi hata mwezi. Posho hutolewa kwa sababu maalumu, kama safari au kazi ya pekee, na sababu ikiisha nayo huisha. Marupurupu ni manufaa mengine yanayoambatana na cheo. Bakshishi ni hisani ya mtu, haidaiwi. Malimbikizo ni fedha ambazo mfanyakazi alistahili kulipwa zamani na hakulipwa. Twapenda kulisisitiza hili la mwisho, maana huleta udanganyifu mwingi. Mtumishi aliyelipwa malimbikizo hajaongezwa kitu. Amerudishiwa chake, na kwa kawaida amerudishiwa baada ya bei ya vitu kupanda. Mwajiri anayetaka kushukuriwa kwa kulipa malimbikizo ni sawa na mdeni anayetaka kupigiwa makofi kwa kulipa deni.

Kuna pia nyongeza ya saa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa za kawaida kuwa zisizozidi 45 kwa juma, na saa za ziada zisizidi 50 katika muda wa majuma manne. Saa ya ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya ujira wa kawaida. Hapa sheria imelipambanua jambo vizuri: mfanyakazi akiongeza saa, mwajiri hutakiwa kuongeza fedha, tena kwa kipimo kikubwa zaidi. Mfanyakazi wa kiwanda au wa nyumba ya wageni anayeambiwa "tuongezee saa mbili tu leo" bila kutajiwa malipo anafungishwa lumbesa, ila gunia lake ni siku yake.

Sasa zile asilimia 35.1 za Bombadia. Yapasa zisomwe kama zilivyotajwa. Zilitajwa juu ya kima cha chini, yaani ngazi ya chini kabisa ya mshahara wa watumishi wa umma. Mwaka 2022 kima hicho kilipanda kutoka Sh. 300,000 hadi Sh. 370,000, ambayo ni asilimia 23.3, na mwaka 2025 kikafika Sh. 500,000. Kupanda kwa kima cha chini hakuna maana kwamba kila mshahara umepanda kwa asilimia ile ile. Wako watumishi wanaosikia asilimia kubwa ikitajwa, wakaizidisha katika mshahara wao wenyewe, wakakopa juu ya hesabu hiyo, kisha mwezi ukawaumbua. Kosa limo katika kuchukua neno la ngazi moja na kulifanya la ngazi zote.

Tena kuna tofauti baina ya kuongeza kwa asilimia na kuongeza kwa shilingi, na viongozi wa vyama vya wafanyakazi hawana budi kuieleza kwa wanachama wao. Chukua watu wawili, mmoja apata Sh. 500,000 na wa pili Sh. 3,000,000. Waongezwe wote asilimia 10. Wa kwanza amepata Sh. 50,000, wa pili Sh. 300,000. Kabla ya nyongeza waliachana kwa Sh. 2,500,000, baada ya nyongeza wameachana kwa Sh. 2,750,000. Wote wameongezwa sawasawa kwa mdomo, na pengo limepanuka. Ndiyo sababu kuinua kima cha chini kwa asilimia kubwa kuliko ngazi za juu ni jambo la haki, si upendeleo. Na wenye kumbukumbu watakumbuka kwamba Oktoba mwaka 1966 Mwalimu Nyerere aliikata mishahara kuanzia juu, akaanza na wake mwenyewe kwa asilimia 20. Alijua kwamba njia za kuusogeza wa chini karibu na wa juu ni mbili, na kwamba moja ya njia hizo ni kutoa.

Mwisho wa yote nyongeza ya mshahara hupimwa dukani. Mshahara ukiongezwa mwezi wa Julai, na mwenye nyumba akaongeza kodi mwezi wa Agosti, na mwenye duka akaongeza bei ya sukari kwa sababu tu amesikia watu wameongezwa, basi mfanyakazi amekuwa mfereji. Fedha zimepita mikononi mwake zikaenda kwa mwingine. Mwenye kupandisha bei kwa sababu gharama zake zimepanda ana hoja. Mwenye kupandisha kwa sababu ya tangazo la redio hana hoja.

NYONGEZA INAYOZIDISHA

Hakuna mahali ambapo kulichanganya neno kumewaumiza watu kuliko katika mikopo ile ambayo wananchi wenyewe wameiita kausha damu. Mkopeshaji humwambia mwenye shida: chukua laki moja, mwisho wa mwezi urudishe laki moja na elfu thelathini. Mwenye shida husikia kujumlisha. Elfu thelathini juu ya laki moja, atazipata tu.

Lakini mwezi ukiisha hanazo, riba ya mwezi wa pili hutozwa juu ya Sh. 130,000. Sasa anadaiwa Sh. 169,000. Mwezi wa tatu ukiisha anadaiwa Sh. 219,700. Katika miezi mitatu deni limepita mara mbili ya fedha alizopokea, na hajaongezwa hata shilingi moja ya kutumia. Alidhani anajumlishiwa, kumbe anazidishiwa. Mtoto wa darasa la nne angeweza kuwaeleza watu wazima tofauti hiyo, kama tungemwita aje na daftari lake kabla ya kutia dole gumba katika karatasi.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwekwa ili wakopeshaji wa namna hii wawe na leseni na wafuate utaratibu. Asiye na leseni hapaswi kukopesha. Lakini hapa pia sheria haitoshi peke yake. Dawa iliyo karibu ni vyama vya akiba na mikopo vya wafanyakazi na wakulima, ambavyo riba yake hukubaliwa na wanachama na faida yake hurudi kwa wanachama. Humo nyongeza hutoka mfuko wa kushoto ikaingia mfuko wa kulia wa watu wale wale.

NYONGEZA YA THAMANI

Lipo neno moja zaidi ambalo siku hizi halikosekani katika hotuba: kuongeza thamani. Mkoani Singida husemwa hasa juu ya alizeti, maana mkoa huu ni miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa zao hilo nchini. Mkulima hushauriwa asiuze mbegu ghafi, bali zikamuliwe hapa hapa. Ushauri huu ni mzuri. Mbegu ikikamuliwa hutoa mafuta, na yanayobaki ni mashudu, chakula cha mifugo. Kitu kimoja kimekuwa viwili, na kazi ya mikono na mashine ndiyo iliyofanya hivyo. Hii ndiyo nyongeza ya kweli kuliko zote tulizozitaja, kwa kuwa haikunyang'anywa kwa mtu. Imezaliwa kwa kazi.

Lakini swali letu halijafutika. Thamani imeongezwa, imekwenda kwa nani? Mkulima akiuza mbegu shambani wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, na mwingine akazikamua na kuuza mafuta miezi sita baadaye, thamani imeongezwa kweli, lakini mkulima hayumo katika jumla. Kiwanda kikiwapo Manyoni au Ikungi, na mfanyakazi wake akalipwa ujira usiomtosha hata kununua mafuta anayoyakamua, naye hayumo. Mkoa waweza kusifiwa kwa kuongeza thamani, na watu wake wasiione.

Hata kodi kubwa tunayoilipa sote dukani inalitumia neno hili. Huitwa Kodi ya Ongezeko la Thamani, na kiwango chake cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18. Wafanyabiashara huipokea na kuipeleka Serikalini, lakini mwenye kuilipa mwishoni ni mnunuzi wa mwisho, yaani mimi na wewe. Kwa hiyo kila mwananchi anayenunua kitu kinachotozwa kodi hiyo amechangia barabara na hospitali, na anayo haki ya kudai stakabadhi na kuuliza fedha zilivyotumika.

YATUPASA NINI

Hatukuandika haya ili kuwafanya wananchi waiogope kila nyongeza. Taifa lisiloongeza chochote hufa. Tunataka mavuno yaongezeke, viwanda viongezeke, mishahara iongezeke na shule ziongezeke. Tunachokataa ni mtu mmoja kuongezewa kwa kumpunguza mwenzake, kisha jambo hilo likapewa jina zuri.

Wakulima wa vitunguu, viazi na alizeti wakatae gunia lenye kilemba, na wakatae pamoja, kijiji kizima kwa siku moja. Vyama vya ushirika vinunue mizani iliyokaguliwa kabla ya kununua viti vya ofisi. Mfumo wa stakabadhi ghalani, uliowekewa sheria mwaka 2005, una faida moja ambayo hata wasioupenda hawawezi kuikana: mazao hupimwa kwa kilo yanapoingia ghalani, na karatasi hutolewa. Pale unapotumika, wanachama wausimamie, fedha zao zisicheleweshwe, maana mkulima aliyepimiwa kwa haki na kulipwa baada ya miezi mitatu atarudi kwa mnunuzi wa usiku.

Wafanyakazi nao wasome hati zao za mshahara mstari kwa mstari. Wajue kipi ni mshahara, kipi ni posho na kipi ni malimbikizo. Vyama vyao vikienda mezani kuzungumza na waajiri, viende na hesabu ya bei za sokoni, si na asilimia peke yake. Nao wachukuzi wa masokoni, ambao mara nyingi hawana chama wala msemaji, wakumbukwe katika mazungumzo hayo. Wao ndio wanaouhisi mgongoni uzito wa kila kilo iliyoongezwa bila hesabu.

Na walimu wetu, wanapowafundisha watoto kujumlisha na kuzidisha, wasiishie katika maembe na machungwa. Wawape hesabu ya gunia la kilo 120 linalouzwa kama la kilo 100, na hesabu ya mkopo wa laki moja. Mtoto akirudi nyumbani na hesabu hizo, amwonyeshe baba yake jibu.